Kufunika Sehemu ya Mchoro wa Kompyuta: Kinachofichika na Kinachobaki

Anayechora kwa mkono na kutaka neno lisomeke katikati ya mistari huacha pengo tangu mwanzo: mstari unafika karibu na neno, unasimama, kisha unaendelea upande wa pili. Katika programu za usanifu kwa kompyuta, kama vile AutoCAD, BricsCAD au Revit, pengo hilo linaweza kupatikana kwa njia nyingi, na kila njia huacha kitu tofauti ndani ya faili hata pale ambapo skrini inaonyesha matokeo yaleyale. Hapo ndipo wachoraji wengi hukwama. Barakoa, yaani umbo linalowekwa juu ya sehemu ya mchoro ili kuifunika, iliyokuwa safi kwenye skrini haionekani kabisa kwenye karatasi, au inafunika hata maandishi iliyokusudiwa kuyalinda, au inachapwa ikiwa na fremu nyeusi ambayo hakuna aliyeihitaji. Matatizo hayo yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yanatoka kwenye jambo moja ambalo mara nyingi halielezwi mapema, nalo ni kwamba barakoa ni agizo kuhusu jinsi mchoro unavyoonyeshwa, na umbo lililochorwa chini yake halibadiliki hata kidogo.

Orodha na mpangilio wake

Faili ya mchoro, iwe ya DWG au ya DXF, haihifadhi picha. Inahifadhi orodha ya vitu: mstari fulani unaanzia kwenye viwianishi hivi na kuishia kwenye vile, duara fulani lina kitovu hapa na nusu kipenyo cha kiasi hiki, neno fulani limeandikwa kwa herufi za urefu huu. Programu huipitia orodha hiyo na kuchora kitu kimoja baada ya kingine, na kinachochorwa baadaye hukaa juu ya kilichotangulia. Maadamu vitu vyote ni mistari, mpangilio huo hauleti tofauti kubwa ya kuonekana, kwa kuwa mstari hauna eneo la kufunika. Mara tu kinapoingia kitu chenye eneo lililojazwa, iwe picha, ujazo (eneo lililojazwa rangi au mistari) wa rangi moja au barakoa, mpangilio ndio unaoamua nini kionekane na nini kizibwe.

Uwezo huu ulichelewa kuingia katika kazi ya kila siku, na sababu yake ni mashine za kuchapia. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, zama ambazo michoro ilitolewa kwa plota za kalamu: mkono wa mashine ulishika kalamu ya wino na kuiburuta juu ya karatasi kufuata kila mstari. Kalamu haiwezi kuondoa ilichokwisha kuandika. Pengo pekee lililowezekana lilikuwa pengo la kweli, yaani mstari uliokatwa vipande viwili kwa amri ya BREAK au TRIM. Mashine zinazochapa kwa nukta, ambazo hukokotoa ukurasa kabla ya kutia wino, ndizo zilizoifanya barakoa iwezekane, kwa sababu nukta iliyofunikwa haitiwi wino kabisa. Alama ya historia hiyo bado imo ndani ya faili. Kitu kinachotengenezwa na WIPEOUT, amri ya AutoCAD ya kutengeneza barakoa, huhifadhiwa kama aina ya picha ya nukta, katika ukoo mmoja na picha unazoziambatisha kwenye mchoro, ingawa hakina picha yoyote ndani yake. Kina mpaka tu, na eneo lililo ndani ya mpaka huo hupewa rangi ya mandharinyuma. Ndiyo maana masharti yake ya uchapaji ni masharti ya picha, na ndiyo maana programu nyingine inayosoma DXF kwa ajili ya mistari pekee inaweza kukipuuza kabisa.

Amri inayopanga upya orodha ni DRAWORDER, ambayo hukipeleka kitu mbele ya vyote, nyuma ya vyote, juu ya kitu ulichokichagua au chini yake. Kitu kipya huwekwa mbele, na hilo linaeleza jambo linalowashangaza wanaoanza: umeandika maandishi, kisha umechora barakoa kuzunguka maandishi hayo, nayo yametoweka. Barakoa imechorwa mwisho, kwa hiyo iko juu. Dawa ni kuyaleta maandishi mbele, na kwa mchoro mzima amri ya TEXTTOFRONT hufanya kazi hiyo kwa mkupuo mmoja, hali kadhalika kwa vipimo, huku HATCHTOBACK ikipeleka mijazo yote nyuma. Ikiwa umebadilisha mpangilio na skrini haibadiliki, angalia thamani ya DRAWORDERCTL. Kwa kawaida huwa 3. Ikiwa ni 0, mpangilio mpya hauonekani mpaka mchoro uchorwe upya kwa REGEN.

Mpangilio huu una mipaka mitatu ambayo ni lazima ifahamike. Kwanza, bloku, yaani kundi la vitu lililohifadhiwa kwa jina moja ili liwekwe mara nyingi kama alama, huhesabiwa kama kitu kimoja, na vilivyomo ndani yake vina mpangilio wao wenyewe usiochanganyika na wa nje. Huwezi kuweka mstari wa nje katikati ya vitu viwili vilivyo ndani ya bloku moja. Pili, mchoro wa rejea, yaani faili nyingine ya mchoro iliyoambatishwa na hii, nao ni kitu kimoja kwa namna hiyohiyo. Tatu, nafasi ya modeli (panapochorwa kitu chenyewe) na nafasi ya karatasi (panapopangwa ukurasa wa kuchapwa) zina orodha mbili tofauti. Barakoa iliyo kwenye modeli haiwezi kufunika maandishi yaliyoandikwa kwenye karatasi. Barakoa iliyo kwenye karatasi inaweza kufunika kinachoonekana ndani ya dirisha la mwonekano, yaani fremu ya ukurasa inayoionyesha modeli, ila kwa uchapaji ni lazima mpangilio wa ukurasa uagize kwamba nafasi ya karatasi ichapwe mwisho.

WIPEOUT kwa karibu

WIPEOUT hukuomba nukta moja baada ya nyingine mpaka upate poligoni, au hukuruhusu kuchagua polilaini, yaani mstari mmoja wa vipande vilivyoungana, iliyokwisha kuchorwa. Polilaini hiyo lazima iwe imefungwa, iundwe na vipande vilivyonyooka bila tao hata moja, na iwe na upana wa sifuri. Sharti la tao ndilo linalosumbua zaidi, kwa kuwa alama nyingi za michoro ni za duara. Njia iliyozoeleka ni kuchora poligoni ya pande nyingi kwa amri ya POLYGON, ambayo hukubali kuanzia pande 3 hadi 1024, kisha kuigeuza kuwa barakoa. Hakuna haja ya kukimbilia mamia ya pande. Chukua duara lenye nusu kipenyo cha milimita 100, na ndani yake poligoni ya pande 36 ambayo pembe zake zote zinaligusa duara. Mahali ambapo ukingo wa poligoni uko mbali zaidi na duara, yaani katikati ya kila upande, umbali ni milimita 0.38. Mchoro ukichapwa kwa skeli ya 1:10, umbali huo unabaki milimita 0.038 kwenye karatasi, ilhali mstari mwembamba kabisa katika mfululizo wa ISO ni wa milimita 0.13. Unene wa mstari wa duara lenyewe utaumeza upungufu huo wote.

Fremu ya barakoa hutawaliwa na WIPEOUTFRAME. Thamani ya 0 huificha, 1 huionyesha na kuichapa, na 2 huionyesha kwenye skrini bila kuichapa. Ninaipendelea 2 wakati wote wa kazi, kwa sababu barakoa isiyoonekana ni mtego kwa mtu mwingine atakayeifungua faili: ataona mstari unaishia hewani, atadhani umekatwa, atauchora upya, na mstari wake mpya, ukiwa umewekwa mbele, utapita juu ya alama iliyokuwa imelindwa. Thamani hiyo ni ya mchoro mzima, kwa hiyo haiwezekani kuionyesha fremu ya barakoa moja na kuificha ya nyingine. Juu yake ipo FRAME, inayotawala kwa pamoja fremu za picha, za mipaka ya kukatia, za faili za PDF zilizoambatishwa na za barakoa. Ikiwa FRAME ni 3, kila aina hufuata thamani yake yenyewe.

Barakoa ziwe na tabaka lake, yaani kundi la vitu linaloweza kuonyeshwa au kufichwa kwa pamoja. Shauri hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama mchoro utaweza kuhaririwa mwaka mmoja baadaye. Zikiwa kwenye tabaka moja la peke yao, unaligandisha (kulificha) tabaka hilo na papo hapo unaona kila kilichofichwa. Zikiwa zimetawanyika kwenye matabaka ya kuta, mabomba na nyaya, hakuna njia ya haraka ya kufanya hivyo. Jihadhari tu usiziweke kwenye tabaka lisilochapwa, Defpoints likiwa mfano unaojulikana zaidi. Barakoa isiyochapwa haifuniki chochote kwenye karatasi, ingawa kwenye skrini itakuwa inafanya kazi barabara.

Mahali ambapo WIPEOUT huonyesha thamani yake hasa ni ndani ya bloku. Fikiria mchoro wa mabomba wenye vali kadhaa. Bila barakoa, kila vali inayowekwa inalazimisha bomba likatwe mahali pawili, na vali ikihamishwa, pengo la zamani linabaki na pengo jipya linahitaji kukatwa. Badala yake, fasili ya bloku ya vali huwekewa barakoa yenye umbo la vali, ikapelekwa nyuma ya vitu vyote ndani ya bloku, na mistari ya vali ikabaki juu yake. Bomba huchorwa kama mstari mmoja mrefu usiokatika, vali huwekwa juu yake, na mstari unaonekana kusimama kwenye ukingo mmoja na kuendelea kutokea ukingo wa pili. Vali ikisogezwa, pengo linakwenda nayo. Urefu wa bomba unabaki sahihi, kwa kuwa mstari haujawahi kukatwa. Na kama vali itaondolewa kabisa, hakuna cha kukarabati. Kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba bloku iko mbele ya bomba katika mpangilio wa nje, na kwamba barakoa iko nyuma katika mpangilio wa ndani. Wengi hufanya la pili na kulisahau la kwanza, kisha huilaumu barakoa.

Maandishi

Kwa maandishi ya mistari mingi, yaani yale ya MTEXT, WIPEOUT haihitajiki kabisa. Maandishi hayo yana barakoa ya ndani, inayowashwa kutoka kwenye kihariri chake, na inayofuata maandishi yanapoongezeka, yanapopungua au yanapohamishwa. Ukubwa wake hupimwa kwa kigezo kinachoanzia 1 hadi 5. Kigezo cha 1 huikaza barakoa kwenye ukingo wa maandishi, na cha 1.5, ambacho ndicho cha kawaida, huongeza nusu ya urefu wa herufi kila upande. Kwa herufi za milimita 2.5, hiyo ni nyongeza ya milimita 1.25. Kwa macho yangu 1.5 ni kubwa mno pale mistari inapokuwa imebanana, kwa sababu barakoa huanza kula mistari ya jirani ambayo msomaji anaihitaji; 1.2 hutosha katika hali nyingi. Rangi nayo ina chaguo la kutumia mandharinyuma ya mchoro, na hilo ndilo la kuchagua, kwani rangi nyingine yoyote itachapwa kama kisanduku cha rangi.

Vipimo vina utaratibu kama huo. Thamani ya DIMTFILL ikiwa 0 hakuna barakoa, ikiwa 1 hutumika rangi ya mandharinyuma, na ikiwa 2 hutumika rangi iliyowekwa kando. Kwa kuwa thamani hiyo hukaa ndani ya mtindo wa vipimo, badiliko moja linagusa kila kipimo kinachotumia mtindo huo.

Maandishi ya mstari mmoja hayana barakoa ya ndani. Kwa hayo ipo TEXTMASK, mojawapo ya zana za ziada za AutoCAD, ambayo hutengeneza barakoa na kuiunganisha na maandishi katika kundi ili vihame pamoja, na TEXTUNMASK ya kuiondoa. Inafanya kazi, ila binafsi ningeyageuza maandishi hayo kuwa ya MTEXT na kumaliza jambo.

Pale maandishi yanapokuwa juu ya mijazo ya mistari, kwa mfano jina la chumba juu ya mchoro wa vigae, kuna njia bora kuliko barakoa yoyote. Ujazo unapotengenezwa, maandishi yakijumuishwa katika vitu vinavyounda mpaka wake, programu huyatambua kama kisiwa na kuacha nafasi ya mstatili kuyazunguka. Pengo hilo ni la kweli: halitegemei mpangilio wala printa, na linabaki hata faili ikipelekwa kwenye programu nyingine.

Ujazo mweupe kama barakoa

Kuna wachoraji wanaoiepuka WIPEOUT na kutumia ujazo wa rangi moja uliopakwa rangi nyeupe halisi, yaani 255,255,255. Wana sababu nzuri. Ujazo hukubali matao na miduara, hufuata mpaka wake unapobadilishwa, na hupokewa vizuri na programu nyingi zinazosoma faili za DWG. Gharama yake ni kwamba kwenye skrini yenye mandharinyuma nyeusi huonekana kama bonge jeupe linaloumiza macho, tofauti na WIPEOUT ambayo hujigeuza kufuata skrini.

Jambo la kuzingatia hapa ni rangi yenyewe. Rangi namba 7 katika orodha ya rangi za AutoCAD, inayoitwa nyeupe, huonekana nyeupe kwenye skrini nyeusi lakini huchapwa nyeusi kwenye karatasi. Rangi namba 255 ya orodha hiyohiyo, ambayo ni nyeupe, nayo itachapwa nyeusi mara mchoro utakapotumia jedwali la mitindo ya uchapaji la monochrome.ctb, kwa kuwa jedwali hilo hugeuza rangi zote 255 za orodha kuwa nyeusi. Rangi halisi iliyotajwa kwa tarakimu tatu haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo jedwali halina mamlaka juu yake, nayo huchapwa ilivyo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha ujazo unaoficha na bonge jeusi katikati ya mchoro.

Kukata mwonekano badala ya kufunika

Barakoa hufaa kwa eneo dogo ndani ya mchoro. Pale unapotaka kuonyesha sehemu moja tu ya mchoro mkubwa na kuacha mengine yote, kufunika ni kazi ya bure; kinachotakiwa ni kukata mwonekano. XCLIP huwekea mchoro wa rejea au bloku mpaka, na kila kilicho nje ya mpaka huo hakionyeshwi. Mpaka unaweza pia kugeuzwa ili kilicho ndani ndicho kisionyeshwe, na hapo unapata tundu linalofanana na barakoa, isipokuwa halifuniki kitu kingine chochote zaidi ya mchoro huo wa rejea. Hiyo ndiyo tofauti inayoifanya iwe ya thamani. Mathalani, mpangilio wa samani unatakiwa uonekane ndani ya tundu ambalo sakafu ya rejea imeondolewa: kwa XCLIP iliyogeuzwa samani hazihitaji kupangwa upya, ilhali kwa WIPEOUT kila samani lazima iletwe mbele ya barakoa.

Kwenye nafasi ya karatasi, VPCLIP hulipa dirisha la mwonekano umbo lolote, na kugandisha tabaka ndani ya dirisha moja huondoa vitu vya tabaka hilo katika mwonekano huo bila kuvigusa kwingineko. Ninaamini kwamba mchoro uliopangwa vizuri kwa matabaka huhitaji barakoa chache sana. Ukijikuta unafunika nyaya zote za umeme kwenye karatasi ya mabomba kwa vipande vya WIPEOUT, tatizo liko kwenye matabaka, na barakoa inalichelewesha tu. Kwa kuficha kwa muda wakati wa kazi, HIDEOBJECTS na ISOLATEOBJECTS zinatosha.

Revit ina chombo chake, eneo la kufunikia, ambalo ni mali ya mwonekano mmoja. Likichorwa kwenye mpango wa ghorofa, halionekani kwenye sehemu iliyokatwa wala kwenye mwonekano wa pande tatu, na mlango uliofunikwa nalo unaendelea kuhesabiwa kwenye jedwali la milango. Wengi hulitumia kuficha kasoro ya modeli katika mwonekano mmoja, kisha wakaikuta kasoro hiyohiyo katika mionekano mingine yote.

Katika michoro ya pande tatu, mantiki ni nyingine. Huko kinachoamua nini kiwe mbele ya nini ni umbali kutoka jichoni, na kazi ya kuondoa mistari iliyofichwa nyuma ya maumbo hufanywa kwa hesabu. Lawrence Roberts alikwisha kuonyesha njia ya kuifanya katika tasnifu yake ya mwaka 1963 huko MIT. Anayetaka kuondoa sehemu ya umbo la pande tatu atumie bapa la kukatia, kama lile linalotengenezwa na SECTIONPLANE, kwa kuwa barakoa bapa itakuwa bapa tu linaloelea katika nafasi.

Karatasi inapokataa

Malalamiko yanayosikika mara nyingi kuliko yote ni ya barakoa inayofanya kazi kwenye skrini na kushindwa kwenye karatasi: mistari inaonekana ikipita ndani ya maandishi kana kwamba hakuna kilichowekwa. Tabaka likiwa linachapwa na mpangilio ukiwa sahihi, chanzo mara nyingi ni mpangilio wa mashine ya kuchapia unaohusu mistari inayopishana. Mashine huwa na chaguo mbili. Katika ya kwanza, kitu cha juu hufuta cha chini; katika ya pili, rangi za vitu vyote viwili huchanganywa. Rangi ya barakoa ikichanganywa na mstari mweusi hutoa mstari mweusi, kwa hiyo katika chaguo la pili barakoa, ujazo mweupe na hata mandharinyuma ya MTEXT hazifuniki kitu. Chaguo hilo hukaa katika sifa za mashine, ndani ya faili ya PC3, wala si ndani ya mchoro. Ndiyo sababu mchoro uleule huweza kuchapwa vizuri kwenye mashine moja na vibaya kwenye nyingine, na ndiyo sababu kuhangaika na DRAWORDER hakusaidii.

Kilichobaki chini ya barakoa

Yote yaliyotangulia yanahusu macho. Lakini mchoro wa kiufundi hausomwi kwa macho pekee, na hapa ndipo barakoa inapoweza kuleta madhara makubwa. Mstari uliofunikwa bado unaweza kuchaguliwa, na zana za kunasa nukta bado zinaunasa mwisho wake, kwa hiyo kipimo kinaweza kushikizwa kwenye nukta ambayo mpimaji haioni. Hesabu ya urefu wa mabomba au ya idadi ya bloku itavijumuisha vitu vilivyofichwa. Faili ya DXF ikipelekwa kwenye mashine ya kukata kwa leza, mashine hufuata mistari, na barakoa kwake si mstari wa kukata: sehemu uliyoifunika itakatwa kama ilivyochorwa, na bamba litaharibika. Kwa kazi ya namna hiyo TRIM ndiyo njia pekee iliyo salama, hata kama inachosha.

Hatari nyingine ni ya usiri. Mtu anafunika eneo la mchoro asilotaka mteja mwingine alione, anatoa PDF, anaituma, na anaamini kwamba amelificha. PDF inayotolewa na programu hizi kwa kawaida ni ya vekta, yaani huhifadhi mistari yenyewe badala ya picha ya nukta, nayo mara nyingi hubeba mistari yote pamoja na umbo jeupe lililowekwa juu yake. Inatosha kuifungua kwenye programu ya kuchorea inayohariri PDF na kuliondoa umbo hilo. Tangu toleo la 2017, AutoCAD yenyewe ina PDFIMPORT, inayoirudisha mistari ya PDF kuwa vitu vya mchoro. XCLIP haina nafuu hapa: bloku iliyokatwa kwayo bado inabeba maudhui yake yote, na mtu akiivunja kwa EXPLODE, mpaka hutoweka na sehemu zilizofichwa hurudi.

Kwa hiyo, kisichotakiwa kumfikia mpokeaji kinapaswa kuondolewa kwenye nakala ya faili: mistari ikatwe kwenye mpaka kwa TRIM, vilivyo ndani ya mpaka vifutwe, na bloku zilizovuka mpaka zivunjwe kwanza ili nazo zikatwe. Kisha PURGE itumike, kwa sababu kuifuta bloku kwenye mchoro hakuiondoi fasili yake, na fasili hiyo hubaki ndani ya faili ya DWG ikiwa tayari kuingizwa tena na yeyote atakayeifungua.